Kutafuta Kazi Chato: Mwongozo kwa Asiyetaka Kukimbilia Dar es Salaam

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Mkoa wa Geita ulitoka watu 1,739,530 ukafika 2,977,608. Katika miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilitoka 4,364,541 ikafika 5,383,728. Fanya hesabu mwenyewe: mkoa mchanga, uliotangazwa rasmi 2012, umeongeza watu wengi kuliko jiji ambalo kila kijana huambiwa ndiko maisha yaliko. Sehemu ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa palepale. Sehemu nyingine ni watu walioshuka kwenye basi na begi begani: Waha kutoka Kigoma, Wahaya na Wasubi kutoka Kagera, Wasukuma kutoka Shinyanga na Simiyu, Wajita na Wakerewe waliofuata samaki.

Kama na wewe unafikiria safari hiyo, soma kwanza. Nimechagua kuandika juu ya Chato kwa sababu wageni wengi hufika huko na matumaini mengi na taarifa chache. Msingi wa ushauri wangu ni mmoja: usiende kuitafuta dhahabu ya Geita, nenda ukawafanyie kazi wanaoitafuta. Anayechimba leo anapata, kesho anakosa, lakini kila siku lazima ale, avae, apande pikipiki, alale mahali. Na mvuvi hali kadhalika, na mkulima wa pamba hali kadhalika. Fedha ya ukanda huu inakuja kwa mafungu, na anayeishika kwa uhakika zaidi ni fundi, mama lishe na mwenye duka.

Ijue Chato ya leo

Wilaya ya Chato ilikatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 ikiwa bado ndani ya Kagera, kisha ikahamia Geita mkoa ulipoanzishwa. Mji wenyewe uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Bukoba. Wengi wameusikia kupitia Rais John Magufuli, aliyezaliwa huko mwaka 1959 na kuzikwa huko Machi 2021. Katika miaka yake Ikulu palijengwa uwanja wa ndege na hospitali ya rufaa ya kanda, na ujenzi ule uliita mafundi na vibarua kutoka pande zote. Lakini jengo likikamilika, kibarua nacho kimekamilika. Anayekuja leo kwa sifa za 2019 atakuta mji wa kawaida wa wilaya, wenye ofisi, soko, stendi, mialo ya wavuvi na mashamba. Mji wa aina hiyo una kazi. Tatizo ni kwamba kazi hizo hazitangazwi popote.

Tena usiishie kwenye jina la makao makuu ya wilaya. Kwa mtu wa biashara ndogo au fundi, Buseresere huenda ikamfaa kuliko Chato mjini. Buseresere iko upande wa Wilaya ya Chato, imeshikana na Katoro iliyo upande wa Wilaya ya Geita, na watu wanavuka mpaka huo siku nzima bila kuuona. Hapo ndipo wachimbaji, wakulima na wachuuzi wa vijiji vya ndani wanaponunua bidhaa. Muganza ni mji wa samaki na dagaa. Bwanga ni njia panda ya magari yanayokwenda Biharamulo na Runzewe, kwa hiyo fundi wa magari, wa matairi, na mpika chakula cha usiku wana nafasi. Chato mjini panamfaa zaidi mwenye cheti: muuguzi, mhasibu, mwalimu wa shule binafsi, muuza duka la dawa aliyesomea.

Jambo jingine limebadilika karibuni. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linaloitwa kwa jina la Magufuli. Safari ya kutoka Mwanza, ambayo zamani ilikuwa inasubiri kivuko, sasa inapita moja kwa moja. Bidhaa zinafika haraka, na hiyo ni heri kwako kama unanunua Mwanza na kuuza Buseresere. Lakini fundi wa Mwanza naye anafika asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo kazi yako isiwe ya kubahatisha.

Nenda kwa msimu

Mtu akiniuliza ahame lini, namuuliza kwanza anajua kufanya nini. Pamba hupandwa kuanzia Novemba na ununuzi hufunguliwa kwa kawaida Mei. Kuanzia hapo hadi Agosti vijijini kuna fedha mkononi: watu wanajenga, wanaezeka, wananunua baiskeli, wanaoa. Fundi ujenzi, fundi seremala, fundi cherehani na muuza vyombo wafike Aprili, wapate muda wa kujulikana kabla fedha haijaanza kutembea. Vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, navyo huhitaji makarani wa mizani na wapakiaji msimu ukianza. Kijana wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri na hesabu safi aende kuonana na viongozi wa chama mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, maana wakishaanza kupima pamba nafasi zimekwisha.

Asiye na ufundi ila ana nguvu afike Oktoba au Novemba, mvua zikianza, kazi ya kulima na kupalilia inapotafuta watu. Hiyo hulipwa kwa kipande au kwa ekari. Pima kipande kwa macho yako na mpatane bei kabla jembe halijagusa ardhi, na kama chakula kimo ndani ya bei, kisemwe siku hiyohiyo.

Miezi mibaya ya kufika ni Januari na Februari. Fedha ya pamba imeisha, mashamba yamekwisha kulimwa, ada na sare zimekomba kilichobaki. Ukifika wakati huo utaona mji umelala, utakata tamaa na kurudi, na kumbe kosa lilikuwa la kalenda.

Anza kwa kujulikana

Jijini unaweza kukaa mwaka mzima mwenye nyumba akalijua jina lako la kwanza tu. Chato swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Wewe umefikia kwa nani?" Usilichukie swali hilo. Ajira nyingi za mji mdogo hupita mdomoni: mwenye mashine ya kukoboa anamwambia jirani yake kwamba anahitaji kijana mwaminifu, na jirani anataja anayemjua. Kwa hiyo mtaji wa kwanza ni mwenyeji. Mtafute kabla ya kupanda basi: ndugu, mtu wa kijiji chenu, muumini wa kanisa au msikiti wenu, mliyesoma naye. Hata kama hatakulaza, atakutambulisha.

Ondoka kwenu na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kitambulisho cha Taifa cha NIDA au angalau namba yake, na vyeti halisi pamoja na nakala. Ukifika, siku ya kwanza au ya pili, nenda na mwenyeji wako kwa mwenyekiti wa kitongoji. Msalimie kwa heshima, eleza umetoka wapi, umefikia wapi, umekuja kufanya nini, kisha acha nakala ya barua. Vijijini, hasa kwa Wasukuma, ulinzi wa sungusungu ulioanza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado una nguvu katika fikra za watu, na mgeni asiyejulikana ndiye wa kwanza kutazamwa kitu kikipotea. Barua ile itakutetea siku usiyoitegemea. Jifunze pia salamu. "Mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni kwa mzee wa Kisukuma itakufungulia kiti cha kukalia, hata kama mazungumzo yote yanayofuata ni ya Kiswahili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wako asikusubiri umwombe jembe hilo: siku ya tatu uwe tayari umeamka mapema, umeteka maji, umetoka kwenda kuulizia kazi. Sifa ya uvivu husambaa mji mzima ndani ya wiki moja, na huchukua miaka kufutika.

Uwe na akiba ya kula na kulala kwa miezi mitatu. Najua ni fedha nyingi kwa asiye na kazi, na wapo watakaosema wangekuwa nayo wasingehama. Hata hivyo nasisitiza, maana anayefika na nauli tu hulazimika kukubali kazi ya kwanza atakayopewa kwa bei ya kwanza atakayotajiwa, na mara nyingi kazi hiyo ni ya shimoni.

Kuhusu mgodi

Wapo watakaokwenda tu, kwa hiyo niseme wazi ninachokijua. Kuna migodi ya aina mbili. Ya kwanza ni mikubwa, kama Geita Gold Mine wa AngloGold Ashanti, au Buckreef ulioko Rwamgasa ambako shirika la umma STAMICO lina hisa. Hii huajiri kwa matangazo, vyeti, vipimo vya afya na mafunzo ya usalama. Kazi halali haiuzwi. Mtu akikuambia ana nafasi ya mgodini na anataka "ya kufungulia faili", huyo ni tapeli, hata kama amevaa fulana yenye nembo. Njia ya uhakika zaidi ya kuingia huko ni ufundi: umeme, uchomeleaji, mitambo mizito, udereva. Kama umejifunzia gereji bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa kazi unayoijua na kupewa cheti. Fanya hilo kabla ya kuhama.

Migodi ya aina ya pili ni ya wachimbaji wadogo: maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha ya kusaga mawe, na mialo ya kuchenjulia. Hapa kwa kawaida hakuna mshahara. Mwenye duara anakulisha, mnachimba, na mawe yakipatikana yanagawanywa: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la aliyegharamia, kisha lenu. Miezi inaweza kupita bila jiwe lenye kitu. Kabla hujashuka, uliza mambo manne mbele ya shahidi. Leseni ni ya nani? Mgawo ukoje? Ukiumia nani anakupeleka hospitali? Ukiondoka kabla ya mawe kutoka, fungu lako linahesabiwaje? Asiyetaka kujibu hayo amekwisha kukujibu.

Mashimo yanaua. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na dunia ikashangilia. Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa na wengi wao hawakurudi kwa watoto wao. Mvua ikinyesha usishuke, hata msimamizi akisema nini. Na zebaki usiishike kwa mikono mitupu wala usichome dhahabu yake ndani ya nyumba au karibu na chakula. Moshi wake hauonekani kuwa na kosa lolote, lakini unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni.

Ukipata fungu lako la dhahabu, liuze kwenye soko la madini. Masoko hayo yalianza mwaka 2019, na la Geita lilikuwa la kwanza. Pale kuna mizani ya serikali na bei inayotangazwa. Anayenunua nyuma ya kibanda anakukata kwenye uzito na kwenye bei, na ukikamatwa naye hasara ni yako.

Ziwani

Muganza na mialo mingine, kazi ya kuingia nayo ni ubaharia kwenye mtumbwi, kupakia, au kuanika dagaa. Uvuvi wa dagaa hufuata giza: taa huwashwa mwezi usipokuwepo, na siku za mbalamwezi watu hupumzika na kushona nyavu. Maana yake ni kwamba kipato nacho kina giza na mbalamwezi yake, nawe upange matumizi kwa mwezi mzima, si kwa usiku mmoja uliokwenda vizuri. Malipo ni ya mgao baada ya kutoa mafuta na gharama. Sharti lako la kwanza liwe jaketi la kuokolea. Mwenye mtumbwi asiyekuwa nalo hakufai. Na ukiambiwa mnakwenda kuvuta kokoro, kataa: ni zana haramu, na doria ikija wanaokamatwa ni vijana waliomo majini wakati mwenye mali yuko nyumbani kwake.

Akina mama wanaoanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchanga wanapata bei nzuri zaidi, kwa kuwa mzigo wao ni safi. Ukiwa na mtaji kidogo, hapo pana biashara kuliko kwenye kuuza nguo za mitumba, ambazo kila mgeni anazikimbilia.

Pikipiki, ujenzi na kazi za mkataba

Bodaboda ndiyo kazi inayowavuta wengi. Ina namna mbili: kupeleka hesabu kila siku kwa mwenye pikipiki, au kuichukua kwa mkataba ukailipia hadi iwe yako. Ya pili ni bora ikiwa imeandikwa: bei yote, kiasi cha kila siku, nani anatengeneza ikiharibika, na inakuwaje ukiugua wiki mbili. Wapo waliolipa miezi kumi wakanyang'anywa mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya siku tatu za homa. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie sahihi. Pata leseni ya udereva kwanza na jiunge na kijiwe kwa utaratibu wao.

Kwenye ujenzi, anza kama saidia fundi kwa fundi mwenye jina, hata kama malipo ni madogo, kwa sababu ndiye atakayekutaja.

Ukiajiriwa dukani, hotelini, shuleni au kiwandani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakulinda Chato sawa na Dar es Salaam. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Anatakiwa kukuandikisha NSSF, na ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukifukuzwa bila haki, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai mengine kama mshahara usiolipwa, siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kungoja "tuyamalize kienyeji" mpaka siku zimepita. Yamalizeni kienyeji mkiweza, huku umeihesabu kalenda.

Baada ya kukaa na kueleweka, jiunge na kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona, na hampatii mkopo mtu aliyeingia juzi.

Kama wewe si raia

Chato iko karibu na Burundi na Rwanda, na kwa miaka mingi mashamba ya Kagera na Geita yamelimwa pia na vibarua kutoka ng'ambo. Hatari yake ni kubwa. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa watu wengi katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi huko miaka mingi. Ruhusa ya kuingia kama Mwanajumuiya wa Afrika Mashariki si ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi. Na tangu Julai 2025 amri ya serikali inazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, rejareja na uchimbaji mdogo. Mwajiri anayekuambia vibali havina haja anajua kwamba siku ya malipo anaweza kukutishia kukuripoti. Raia wa Kigoma na Ngara nanyi tembeeni na vitambulisho, maana lafudhi imewahi kuwatia matatani Watanzania halisi.

Afya yako na wadogo zako

Lala ndani ya chandarua. Usioge wala kufua ziwani kwenye majani ya ukingoni, kichocho kinaanzia hapo. Ukiona damu kwenye kinyesi au mkojo nenda zahanati, dawa ipo na inatibu. Migodini na mialoni watu wako mbali na wenzi wao na fedha inakuja kwa ghafla, kwa hiyo VVU vimepata nafasi. Pima, jilinde, na ukiwa na mwenzi nyumbani usimfiche.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe utakayefanikiwa kupata pa kuegemea. Utapigiwa simu kutoka nyumbani, wakuombe umchukue mdogo wako akakae nawe, awe msichana wa kazi wa jirani au akaponde mawe kwenye karasha. Nakusihi, kataa. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na mgodi ni hatari. Shule ya serikali haina ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022. Tuma fedha ya daftari na sare, mwache asome.